Dakika Thelathini na Nane za Subilaga

1

Mama mmoja alifika mapokezi saa tatu asubuhi akaomba kumwona "yule binti anayetunza ubongo wa muuaji." Mlinzi alipopiga simu juu kuuliza, Nakijwa Mkwizu alikuwa amevaa glavu, anabadilisha maji ya lishe kwenye bakuli la kioo. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu amwite binti.

"Mwambie asubiri dakika tano," alisema. "Nikiacha sasa, chembe zitakauka."

Bakuli lile lilikuwa dogo, lingetosha kuwekea mayai mawili. Ndani yake palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya maziwa, na ndani ya utando huo kulikuwa na kila kitu kilichobaki cha mtu ambaye nchi nzima ilimwita Mpima Macho. Kwa miaka tisa mtu huyo alizunguka miji ya nyanda za juu na sanduku la lenzi na ubao wa herufi, akipima watu macho na kuwatengenezea miwani, na katika miaka hiyo aliua watu saba. Alifia gerezani mwaka jana. Sheria ilitaka kumbukumbu za watu wa namna yake zihamishwe kwenye chembe hai kabla mwili haujapoa, ili wataalamu wajifunze. Nyumba ya Kumbukumbu ya Mbeya ikapewa kazi ya kuzitunza, na baadaye ikapewa kibali cha kuzionyesha kwa umma.

Maonyesho yalikuwa yafunguliwe baada ya wiki tatu. Tiketi zilikuwa zimekwisha siku ya pili. Mjini, vinyozi walikuwa wakinyoa mtindo wake, na vijana walivaa fulana zenye uso wake, macho mapole nyuma ya miwani ya duara.

Mama aliyekuwa mapokezi alikuwa mrefu, amejifunga kitenge cha bluu, na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya mkoba kama mikono ya mtu aliyezoea kungoja kazi nzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Sekela, mama yake Subilaga."

Nakijwa alitabasamu, akangoja aambiwe zaidi. Jina halikumwambia kitu.

"Subilaga yupi, mama?"

"Wa Makambako. Mwalimu wa chekechea."

"Ooh," Nakijwa alisema, na kabla hajajizuia akaongeza, "Wa tano."

Yule mama alimtazama bila hasira. "Ndiyo. Nadhani ninyi mnamwita hivyo."

Nakijwa alihisi joto likipanda shingoni. Alijua namba ya kiatu cha Mpima Macho. Alijua soda aliyokuwa akinywa siku aliyokamatwa, na shairi alilopenda kulikariri mahabusu. Kesi ilipounguruma alikuwa mwanafunzi wa chuo na hakukosa hata siku moja. Alikaa benchi la mbele na daftari, na wenzake wakamtania kwamba ameshapata mchumba. Kesi hiyo ndiyo iliyomfanya achague kazi hii. Na muda wote huo hakuwahi kujifunza jina la mwalimu wa Makambako.

"Nisamehe, mama."

"Sikuja kwa ajili ya hilo. Nimesoma tangazo lenu. Mmeandika kuna siku aliyompima mwanangu macho, na kwamba imekaa safi, haijaguswa na mtu." Alikaza mikono juu ya mkoba. "Nataka kuiona kabla ya hao wengine."

2

Dakta Pius Haule hakuinua kichwa Nakijwa alipomweleza. Alikuwa mwanasaikolojia wa miaka sitini, mpole, na alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuzungumza na wauaji magerezani. Hakupenda maonyesho. Alikuwa ameyapinga kwa barua tatu.

"Haiwezekani," alisema. "Na wewe unajua kwa nini."

Alijua. Kumbukumbu haikai kichwani kama picha ukutani. Kila mtu anapokumbuka jambo, huliunda upya, na kila anapoliunda huliacha limebadilika kidogo. Mpima Macho alikuwa amezirudia siku saba za mauaji yake maelfu ya mara gerezani, akizipamba, akijiongezea ukubwa, mpaka zimekuwa kama sarafu iliyosuguliwa ikabaki laini pande zote. Mtambo wa kupapasa, ambao hugusa juu juu tu na kuonyesha saa, mahali na namna ya hisia, ulikuwa umeonyesha jambo hilo wazi. Katika siku hizo saba alijiona jabali. Mengi hayakuwa kweli.

Lakini kulikuwa na kipande kimoja cha dakika thelathini na nane, alasiri, mtaani Makambako. Msichana anapimwa macho. Siku mbili baadaye angempelekea miwani yake, na hapo ndipo angemuua. Lakini alasiri ile palikuwa na kupima tu. Kipande hicho mwenyewe hakuwahi kukirudia hata mara moja. Hakukiona kuwa na maana.

"Umeona vipimo vyake?" Haule aliuliza. "Hakuna chuki, wala hamaki, wala ile sauti ya shetani ambayo watu wanakuja kuinunua. Kuna kupendezwa. Alipendezwa na yule msichana, Nakijwa, alifurahia kukaa naye. Na kufurahia huko hakukugeuka kuwa huruma. Kuna mahali kwa watu wengine kufurahi kunavuka na kuwa huruma, na kwake hakukuvuka. Miaka thelathini natafuta mahali hapo. Nimezungumza na watu arobaini kama yeye, wote wameniongopea, kwa sababu wamejiongopea wenyewe kwanza. Hiki ndicho kipande pekee ambacho hakikusema uongo."

"Akikisoma mama yake Subilaga..."

"Atakiharibu. Msomaji wa kwanza huacha hisia zake mle ndani, na atakayefuata atazikuta. Mimi nimejizoeza miaka yote hii kuingia bila kuacha kitu. Yule mama ataacha moyo wake wote."

Nakijwa alishika kitasa cha mlango.

"Siku moja," Haule alisema polepole, "mtu mwingine kama yeye atakaa mbele yangu, ni kijana bado, hajaua mtu. Nitahitaji kumtambua. Nisipomtambua, kuna mama mwingine atakuja kukaa pale mapokezi. Utamwambia nini?"

Nakijwa aligeuka akatoka. Alirudi kwenye bakuli lake akalitazama kwa muda mrefu.

3

Jumamosi alipanda kwenda Tukuyu kumwambia Sekela kwamba haitawezekana. Alijisemea kwamba neno kama hilo halifai kuambiwa mtu kwa simu.

Sekela alimkaribisha jikoni, akamwekea chai na ndizi za kuchemsha. Alikuwa mkunga miaka thelathini na minne; nusu ya watu waliopita barabarani walimwamkia kwa sauti ya watu waliopokelewa na mikono yake. Nyumba haikuwa na picha ya Subilaga ukutani. Nakijwa aliuliza kwa nini.

"Zilichukuliwa. Waandishi walikuja wakati wa kesi, wakaomba kuazima. Hawakurudisha. Baadaye nikaona moja kwenye jalada la kitabu chake."

"Kitabu cha Subilaga?"

"Cha huyo," Sekela alisema. "Cha Subilaga hakipo."

Akamweleza mambo yalivyokuwa. Yeye alitaka mtoto awe muuguzi. Subilaga aliacha chuo mwaka wa pili bila kumwambia, akaenda Makambako kufundisha watoto wadogo kuimba na kuhesabu. Waligombana kwenye simu. Sekela alimwambia kwamba amemtia aibu, na Subilaga akakata simu. Hiyo ilikuwa Jumapili. Kupimwa macho ilikuwa Jumatano.

"Sitafuti kujua alivyokufa," alisema. "Hilo nililisikia mahakamani, linanitosha maisha yangu yote. Mimi nataka kumwona hiyo Jumatano, alikuwaje. Kama alikuwa amenuna kwa sababu yangu, nijue. Miaka kumi na minne nimekaa na ile simu sikioni."

Nakijwa aliweka kikombe chini. Alikuja na sentensi aliyoipanga njia nzima, lakini haikutoka. Badala yake akaanza kueleza.

"Mama, siyo kama kutazama video. Utavaa kofia, na utakuwa ndani yake yeye. Macho yatakuwa yake. Atakachohisi, utakihisi wewe."

"Na mikono?"

"Na mikono."

"Itamgusa mwanangu?"

"Itamvisha miwani. Itamgusa kwenye paji la uso, na nyuma ya masikio."

Sekela alitazama nje. Kuku alikuwa akiparua chini ya migomba. 

"Nimewashika wanawake waliokuwa wanakufa," alisema mwishowe, "kwa mikono ambayo sekunde chache kabla ilikuwa imeshika mtoto mchanga anayelia. Nitaweza. Endelea."

"Kuna jingine. Utakachohisi wewe kitabaki mle. Ni kama saruji mbichi, anayekanyaga wa kwanza unyayo wake haufutiki. Watakaokuja baada yako watakukuta. Na kuna mtaalamu, mtu mwema, anayehitaji kipande hicho kikae kama kilivyo. Anaamini kitamsaidia kuwatambua watu wa namna hii kabla hawajaua. Anaweza kuwa sahihi."

"Anaweza kuwa sahihi," Sekela alirudia. Alifikiri. "Na hao wengine, wenye tiketi. Wanakuja kuona nini?"

"Wanakuja kujua inakuwaje kuwa yeye." Nakijwa aliinamisha macho. "Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilidhani nikimwelewa nitakuwa salama. Nilikuwa msichana napanda gari peke yangu, nalala hosteli, naogopa. Nikadhani hofu itapungua nikimjua vizuri. Kisha hofu ikaisha, na udadisi ukabaki."

Sekela alinyoosha mkono akamshika kiganja. 

"Nikitangulia mimi," aliuliza, "watamwona yeye au watamwona Subilaga?"

"Watamwona Subilaga kama unavyomwona wewe."

"Na maumivu yangu watayachukua nayo, watu nisiowajua."

"Ndiyo."

Mama alinyanyuka, akachukua vikombe, akavisuuza taratibu kimoja baada ya kingine, akavipanga kwenye kichanja.

"Basi na wamwone," alisema. "Jumatatu nitakuja. Wewe ukiona huwezi, niambie pale pale mlangoni, sitakulaumu."

4

Jumatatu asubuhi Nakijwa aliingia ofisini kwa Haule akamwambia anachokwenda kufanya. Hakutaka kumfanyia mzee yule jambo la kificho.

Haule alivua miwani akaifuta. "Nikienda kwa mkurugenzi sasa hivi, atakuzuia."

"Najua, Dakta."

"Unajua pia kwamba huna jibu la swali langu."

"Sina. Nimelitafuta tangu siku ile. Huyo mama wa kesho simjui, labda nitamkosea. Lakini huyu yupo, amekaa mapokezi, na hicho ndicho kitu pekee cha mwanawe kilichobaki duniani. Na sisi tumekiandika kwa jina la aliyemuua."

Haule aliinamisha kichwa juu ya meza. Alinyanyua simu, akaishika kwa muda, akairudisha. "Toka," alisema. "Tafadhali. Toka kabla sijabadili mawazo."

Chumba cha kusomea kilikuwa kidogo, chenye kiti kimoja na taa ya manjano. Nakijwa alimsaidia Sekela kufungua kilemba, akampaka mafuta maalumu kwenye mvi zake, akamvisha kofia.  

"Ukitaka kutoka, gonga kiti mara mbili. Mimi nipo hapa hapa."

"Haya, mwanangu. Fungua."

Dakika nne za kwanza Sekela alikaa amekaza taya, jasho likimtoka juu ya mdomo. Kwenye kioo cha mtambo Nakijwa aliona mstari wa hisia za muuaji, tulivu, mnyoofu, kama wa mtu aliyeketi barazani baada ya kula. Halafu mstari wa pili ukaanza kujichora juu yake. Uliruka, ukashuka, ukaruka tena. Vidole vya mama vilinyanyuka kwenye kiti, na Nakijwa akajiandaa kuzima.

Sekela hakugonga. Aliangua kicheko.

Kilikuwa kicheko cha tumboni, cha kushtukiza, cha mtu aliyekamatwa na mzaha asioutarajia. Machozi yalimtoka papo hapo, na bado anacheka. Kisha akatulia. Midomo yake ikaanza kwenda kimya kimya, kama anayejibu maneno ya mtu aliye mbali. Ilipofika dakika ya thelathini na nane alikuwa amenyoosha shingo mbele, kama anayemsindikiza mtu kwa macho mpaka apotee kwenye kona.

Nakijwa alimvua kofia. 

"Alinikejeli," Sekela alisema, sauti ikikwaruza. "Aliwekewa fremu kubwa nyeusi, akajitazama kwenye kioo, akasema, 'Hizi hapana, nafanana na mama akinikagua kucha.' Halafu akakunja uso, hivi, akaweka mkono kiunoni, akasema kwa sauti yangu kabisa: 'Subilaga! Hizo kucha ni za kulimia au za kulia?' Nilimwambia hivyo alipokuwa na miaka sita! Nilikuwa nimesahau." Alifuta uso kwa kiganja. "Hakuwa amenuna. Alikuwa amenibeba tu, kama kawaida, kama watoto wanavyotubeba."

"Na yeye? Ulimkuta?"

Sekela alikunja kilemba chake mapajani.

"Nilidhani nitakuta shimo. Au moto. Nilijiandaa kwa moto. Nilikuta mtu ameketi anasikiliza redio. Alipenda kucheka kwa mwanangu kama mtu anavyopenda wimbo, ukipigwa anatikisa mguu, ukiisha hana habari nao." Alitikisa kichwa. "Miaka yote hii nimemwogopa kama mtu mkubwa. Kumbe mle ndani hapakuwa na mtu mkubwa. Mkubwa alikuwa yule aliyekaa mbele yake."

Akasimama, akajifunga kilemba chake mwenyewe.

"Ndaga, mwanangu," alisema kwa Kinyakyusa chake. "Asante sana."

5

Nakijwa alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mkurugenzi alitaka kukiondoa kipande kile, lakini mabango yalikuwa yameshabandikwa mji mzima, DAKIKA 38 NDANI YA MPIMA MACHO, na hakuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Akafungua maonyesho hivyo hivyo.

Watu waliingia kwenye siku zile saba za mauaji wakatoka wakipigana vikumbo na kupiga picha. Walioingia kwenye dakika thelathini na nane walitoka wakitembea polepole. Wengine walikaa kwenye ngazi za nje. Baadhi walirudi mapokezi kuuliza kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa mahali popote ndani ya jengo lile: yule msichana anaitwa nani? Mlinzi, aliyemkumbuka mama wa kitenge cha bluu, akawa anawajibu. Mwishowe akaliandika jina kwenye karatasi, akalibandika mlangoni kwa gundi. Hakuna aliyelibandua.

Dakta Haule hakumsalimia Nakijwa kwa miezi mitano. Walipokutana sokoni Uyole alimwambia tu kwamba ameingia mle ndani mara mbili. "Nilichokitafuta sikukiona," alisema. "Kila nilipokaribia, nilimkuta yule mama." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Nilikaa naye. Sikujua la kufanya zaidi ya kukaa naye." Hakusema kama amemsamehe, na Nakijwa hakumwuliza. Swali la mzee yule Nakijwa alilibeba, na mpaka leo analo; magazeti yanapotaja kwamba kuna mtu amepotea, huwa wa kwanza kulisoma jina, na hulisoma lote, na la ukoo.

Nakijwa alikuwa Tukuyu siku ile mgeni wa kwanza kutoka kwenye maonyesho alipofika. Alikuwa akimsaidia Sekela kuanika maharage uani. Mwanamke wa makamo, mnene, amevaa koti la madereva wa malori ya mbolea, alisimama nje ya ua, hajui kama apige hodi au ageuke.

"Pita, mama, pita," Sekela aliita. "Mlango huo hauna mbwa."

"Shikamoo." Dereva alivua kofia. "Mimi hamnijui. Nimetoka Songea na mzigo, nikasema nipite. Nilikwenda pale kwenye maonyesho, mlinzi akanielekeza kwako. Nilikuwa na tiketi ya... ya yule mtu. Nilitaka kumwona yeye, sitaki kukudanganya. Nimefuatilia habari zake tangu zamani." Aliikunja kofia mikononi. "Nikamwona mwanao. Sasa kila nikiendesha namwona. Nimekuja kukuomba radhi, basi. Naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi na hujanywa hata maji? Keti."

Dereva aliketi ukingoni mwa mkeka. Sekela aliendelea kutandaza maharage, lakini mikono yake ilikuwa imepunguza kasi.

"Ulimwona vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana. Alikuwa na kijikovu hapa, chini ya kidevu. Akicheka kinapotea."

Sekela aliacha maharage. "Kidevuni?"

"Ndiyo. Kama punje ya mchele."

"Unajua mimi siku ile sikukitazama kabisa!" Aligeuka akamtazama Nakijwa, macho yanang'aa, kisha akarudi kwa mgeni, akasogea karibu, magoti yao yakagusana. "Alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nimetoka kuzalisha mapacha, nimechoka, nimelala. Akapanda dirishani kumwonyesha jirani viatu vyake vipya. Viatu vyenyewe alivaa kinyume, cha kulia kushoto. Sasa sikiliza alivyoniambia nilipomwokota..."

Dereva alisogea asikie.